Kumtafuta Bibi Katika Mirathi ya Bwana Wake

Hoteli ya Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, ilitutoza bei ya kuumiza, na gari kulilaza hapo ni malipo mengine. Mama mkwe wangu, Mmarekani mweusi, ni mstaafu. Pesa zake nyingi zilikuwa zimeshaliwa na kampuni moja ya intaneti iliyoahidi kumchorea ukoo mzima, ikamletea karatasi zinazoishia 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Katika zile za 1850 na 1860, karibu kila mtumwa ni umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wake. Wamarekani weusi wanaotafuta wazee wao wanalijua hilo bila kulipia.

Katika Maktaba ya Virginia nilishangaa kwamba mama hakuwa akitafuta ukoo wake. Alikuwa akiufuata wa wazungu: nani alikufa, nani aliachwa mjane, binti yupi aliolewa wapi. Sheria ya Virginia ya 1662 ilimfanya mtoto arithi hali ya mama yake, ya utumwa au ya uhuru, na ya 1705 ikawahesabu watumwa kama ardhi katika urithi. Bwana akifa bila wosia, mjane alipewa thuluthi ya watumwa hao ya kutumia maisha yake yote, kisha ikarudi kwa warithi wa mume. Orodha ya 1799 ya watumwa wa Mount Vernon, shamba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ina watu 317, na 153 kati yao walitokana na mirathi ya Daniel Parke Custis, aliyefariki 1757, mume wa kwanza wa Martha, mke wa Washington. Washington hakuwa na uwezo wa kuwaacha huru hao. Martha alipofariki 1802 waligawiwa wajukuu zake, na ndoa zikavunjwa.

Tukavuka mto Rappahannock pale Tappahannock, tukashuka hadi mahakama ya kaunti ya Lancaster. Kitabu alichotuletea karani kilikuwa kizito, mwandiko umelala, wino umegeuka kahawia. Ilikuwa hesabu ya mali ya marehemu mmoja, miaka ya 1760. Godoro la manyoya, sufuria ya shaba, ng'ombe na ndama, kisha watu. Mama alipitisha kidole bila kugusa karatasi, akakifikisha kwa Judith na mtoto wake, pauni 55. Jina hilo limerudiwa kila kizazi kwao. Wosia wa mjukuu wa marehemu, tuliousoma Richmond, unamtaja Judith mwingine, mama wa yule aliyeandikwa 1870.

Nilidhani atalia hapo. Akashuka mistari miwili: Kate, mzee, hana thamani. Mbele yake wamechora sifuri, na ndama juu yake ana bei.

"Huyu ndiye aliyewalea," akasema.

Nikamwambia kwa upole kwamba kitabu hakisemi hivyo. Akanijibu, "Mwanangu, mtoto wa Judith alibaki na nani mama yake alipokwenda kwenye tumbaku?" Sikuwa na jibu. Akaomba nakala ya ukurasa ule, akalipa, akaomba ya pili kwa ajili ya dada yake.

Njiani kurudi niliwaza kwetu Pangani. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, jana tu ukilinganisha na kitabu kile. Zipo nyumba ambazo nasaba yao inaishia kwa bibi fulani, na mgeni mwenye adabu haulizi zaidi. Nimelelewa nikiiheshimu adabu hiyo. Sasa naona inamlinda aliyemiliki kuliko aliyemilikiwa. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu pwani yetu, zenye majina, na sijawahi kusikia mtu wa mtaani kwetu akitaja ya bibi yake.

Binti wa marehemu yule wa Lancaster aliolewa kaunti ya King William, akaenda na baadhi ya watu wale. Ofisi ya karani wa mahakama ya huko iliungua 1885 pamoja na vitabu vyake vingi. Mama anasema familia ile lazima iliandikiana barua, na barua za familia kama hizo zimewekwa Richmond. Ameshaanza kutafuta hoteli ya bei nafuu.