Siku ya kukagua ngwe Laxton

Laxton ni kijiji kidogo cha Nottinghamshire, Uingereza, kati ya Ollerton na Tuxford. Kina kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa moja iitwayo Dovecote, kilima cha udongo kilichowahi kubeba ngome, na nyumba za wakulima zilizojipanga kando ya barabara. Nilifika mwishoni mwa Novemba, miaka michache kabla ya 2020, nikiwa mwanafunzi wa usimamizi wa ardhi, kwa ruhusa ya kufuatana na jopo la kijiji siku ya kukagua mipaka. Wakati huo ardhi ilikuwa bado chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali ya Ufalme. Wizara ya Kilimo ndiyo iliyoinunua mwaka 1952 kutoka kwa Earl Manvers, Crown Estate ikaipokea 1981, na 2020 ikarudi kwa Thoresby Estate, yaani mikononi mwa ukoo uleule uliokuwa nayo zamani.

Wakulima wa Laxton wanakaa kijijini kwa sababu mashamba yao hayako pamoja. Kuna mashamba makuu matatu, West Field, South Field na Mill Field, na ndani yake hakuna uzio wala ua. Kila mkulima ana ngwe zake, yaani vipande virefu vya kulima, zilizotawanyika katika yote matatu, ngwe yake ikilala kati ya ngwe za majirani. Shamba moja hupandwa ngano ya majira ya baridi, la pili hupandwa mazao ya masika kama shayiri au maharage, la tatu hupumzishwa, na mwaka unaofuata kila moja husogea hatua moja. Zamani sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa hivi. Kati ya 1750 na 1850 hivi, bunge lilipitisha sheria kijiji baada ya kijiji, ngwe zikakusanywa, zikazungushiwa ua wa miiba, na kila mwenye nguvu akapata shamba lake la kipande kimoja. Laxton ilipona kwa kuwa wamiliki wake wakubwa wawili hawakuwahi kukubaliana namna ya kugawana.

Tulikusanyika asubuhi nje ya Dovecote. Jopo ni la wajumbe 12 na kiongozi wao, wote watu wa hapohapo, walioapishwa na baraza la kijiji mwaka uliotangulia. Trekta ilikuwa imefungwa tela, na telani mlikuwa na rundo la vigingi, nyundo mbili kubwa, koleo na marobota ya majani makavu ya kukalia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito; ukitembea hatua 20 kila buti linabeba kilo ya tope, na ndiyo maana watu wazima walikuwa wakipanda na kushuka telani kila baada ya mita mia.

Hukaguliwa shamba moja tu kwa mwaka, lile la ngano, na sababu yake ni ya kikulima kabisa. Shamba hilo ndilo limetoka kupumzika, limelimwa upya lote, na mistari ya mwaka uliopita imevurugika. Kama kuna mtu amesogea, amesogea sasa. Tena mwishoni mwa Novemba ngano iliyopandwa Oktoba ina majani mawili au matatu, urefu wa kidole, na mistari yake imeachana sentimita 12 hivi. Nilichuchumaa mwisho wa ngwe moja nikaona jinsi mashine ya kupandia ilivyopita hadi sentimita ya mwisho: mstari wa kijani, kisha udongo mtupu, kisha nyasi za barabara. Ukikagua Septemba hakuna cha kuona. Ukikagua Machi, ngano imeshatoa vichipukizi vya pembeni na kingo zimefunikana.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye ncha za ngwe, pale zinapokutana na njia ya nyasi inayotumiwa na wote. Hapo ndipo makosa mengi hupatikana. Trekta yenye plau inahitaji kama mita 10 za kugeuzia. Mkulima mwenye subira huacha nafasi hiyo ndani ya ngwe yake, halafu huilima mwisho kwa kukata upande wa pili. Mwenye haraka hugeuzia njiani. Mwaka wa kwanza matairi yanachuna nyasi, mwaka wa pili pale pamekuwa udongo, na wa tatu pana ngano. Kiongozi wa jopo alisimama kwenye ncha ya ngwe ambayo mpaka wake haukuwa na ubishi, akamtuma mjumbe mmoja mbele hadi ncha nyingine isiyo na ubishi, umbali wa mita 150 hivi. Wa tatu akaenda katikati na kigingi mkononi. Kiongozi akafumba jicho moja, akaelekeza kwa mkono: kulia, kulia tena, rudi kidogo, hapo. Nyundo ikapigwa mara sita au saba mpaka kigingi kikabaki kimechomoza kiasi cha kiganja. Mistari mitano ya ngano ilikuwa upande wa barabara.

"Umekula njia," kiongozi akamwambia mmoja wa wajumbe waliokuwa nyuma yangu.

"Nimekula," akajibu yule mwenye ngwe, akachukua nyundo na kukikaza kigingi mwenyewe.

Jambo hilo nililiona la maana kuliko yote niliyoyaona siku ile. Wanaokagua ndio wanaokaguliwa, na hakuna aliyesubiri mtu alalamike. Kwetu Tanzania baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha; lakini linakaa baada ya mgogoro kuletwa, wakati jembe limeshavuka na maneno yameshasemwa. Jopo la Laxton linakwenda shambani hata kama wote wanapatana.

Mpaka wa jirani na jirani ni mgumu zaidi kuliko mpaka wa njia, kwa sababu pande zote mbili ni ngano. Hapo hutafutwa mfuo. Mkulima anayelima kwa kutupia udongo katikati ya ngwe yake, mwaka baada ya mwaka, anajenga tuta pana katikati na kuacha mfuo pembeni. Jirani akifanya vivyo hivyo, mfuo kati yao unabaki wazi, nao ndio mpaka, na maji hupitia humo. Mmoja akianza kutupia udongo upande wa mpaka, mfuo unajaa, maji yanatuama, na baada ya misimu michache hakuna anayejua mwisho wake. Mifuo ya zamani ya Laxton inaonekana hata leo kwenye malisho ambayo hayajalimwa kwa muda mrefu, mawimbi ya ardhi yanayopanda na kushuka chini ya nyasi.

Mjumbe mmoja mzee alinieleza hesabu ya kusogea, nami nikaiandika palepale. Mfuo mmoja wa plau ya kisasa una upana wa sentimita 35 hivi. Dereva akikosea kwa mfuo mmoja kwenye ngwe ya urefu wa mita 200, amechukua mita za mraba 70. Ni kitu kidogo, hakuna anayeugua. Lakini dereva huyohuyo mwaka mwingine huanza kulima kwa kufuata alama ya gurudumu lake mwenyewe, kwa hiyo kosa halirudi nyuma, linaongezwa. Katika misimu 10 ya kulimwa ni mita tatu na nusu. Eka moja ya kizamani ni mnyororo mmoja kwa upana na 10 kwa urefu, yaani mita 20 kwa 200 kwa kukadiria. Mita tatu na nusu ni zaidi ya sehemu moja ya sita. Ngwe za Laxton za leo ni pana kuliko hizo, kwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilipunguzwa idadi kwa kuunganishwa ili mashine zipite, ila hesabu ya kusogea ni ileile.

Kwenye mteremko kosa lina upande. Mfinyanzi ukilowa, trekta inayolima kwa kukatisha mlima inateleza kidogo kuelekea bondeni, na plau inavutwa nayo. Anayepoteza ni jirani wa chini, kila mara. Wajumbe walijua ngwe zenye tabia hiyo bila kuambiwa, wakaanzia huko.

Nilidhani mitambo ya setilaiti ya kuongozea trekta ingekuwa imemaliza tatizo, nikauliza. Mitambo hiyo inashika mstari bila kuyumba, lakini mstari wenyewe hutokana na nukta mbili alizoweka dereva. Akiweka nukta ya kwanza pembeni kidogo, kosa linarudiwa kwa uaminifu mkubwa kila msimu. Tena ngwe nyingi za kale hazikunyooka. Zimejipinda kama herufi S iliyogeuzwa, kwa sababu kundi refu la ng'ombe wa kulimia lilianza kugeuka kabla jembe halijafika mwisho. Mstari mnyoofu ukipitishwa kwenye mpaka uliojipinda, unakata ngwe ya jirani mahali pamoja na kumwachia zawadi mahali pengine, na hakuna anayelalamika kuhusu zawadi.

Kwetu Uchagani mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hushikwa na masale, mmea unaochipua tena hata ukikatwa, na hata mtoto anajua kwamba haung'olewi. Laxton hawawezi kupanda kitu mpakani, kwani plau na mashine ya kuvunia lazima zipite. Kigingi chao ni kipande cha mti kilichochongwa ncha, kikizidi sana kitadumu hadi mavuno. Kinachobaki ni watu wanaokumbuka kilipopigwa. Ramani ipo: mwaka 1635 Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa mmiliki wa kijiji, alimpa mpimaji Mark Pierce kazi ya kuchora kila ngwe, na ramani hiyo, yenye picha ndogo za watu wakilima na kuvuna, imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Siku ile hakuna aliyeitaja shambani.

Baada ya ngwe tukafuata mitaro. Mwenye ngwe iliyopakana na mtaro hutakiwa kuuweka wazi, na wajumbe walisimama juu ya ukingo wakitazama maji yanavyotembea. Mtaro mmoja ulikuwa umezibuliwa, lakini tope lote lilikuwa limerundikwa kwenye ukingo wa juu, hivyo maji ya shambani yaliyotakiwa kuingia mtaroni yalizuiwa na rundo, na ngano ikageuka njano kwa upana wa mita mbili hivi. Mizizi ilikuwa imekosa hewa. Dawa yake ni kulitandaza tope hilo kwa unene mdogo juu ya shamba likiwa bado bichi, au kulikata mapengo kila hatua chache. Mtaro ulihesabiwa kuwa na kosa ingawa ulikuwa safi.

Kuna pia vipande vya nyasi ndani ya mashamba, kwenye mabonde yenye maji au miteremko mikali isiyolimika. Hivi ni vya wote. Nyasi zake huuzwa kwa mnada kila kiangazi na mnunuzi huzikata mwenyewe, na kwa kuwa havijawahi kulimwa vimejaa maua ya mwituni kiasi kwamba serikali imevilinda kisheria. Jopo lilivikagua kwa ukali kuliko mipaka ya watu binafsi. Ngwe ya mtu ikiliwa, mwenyewe ataona. Bonde la nyasi likiliwa, mwenyewe ni kila mtu.

Saa saba tulirudi Dovecote na tope hadi magotini. Chakula kililiwa kwanza, halafu wajumbe wakapitia ngwe moja moja: nani amevuka, kiasi gani, ni mara ya ngapi. Aliyeondoa kigingi cha zamani au kukilima hutazamwa vibaya kuliko aliyevuka bila kujua. Faini zenyewe ni pauni chache. Yule aliyekula njia alikuwa mezani, na kiasi chake kilipotajwa hakusema neno.

Wiki moja baadaye baraza lilikaa hapohapo kwenye baa. Linaongozwa na msimamizi anayeteuliwa na mwenye ardhi. Mabaraza ya namna hii yalikuwa kila mahali Uingereza. Sheria ya 1977 ya usimamizi wa haki ikayaondolea mamlaka ya kuamua kesi, ikaliacha la Laxton na yake. Majina yakaitwa, taarifa ya jopo ikasomwa, faini zikatamkwa mbele ya wote. Mkulima mmoja akasimama akasema mtaro wake ulizibwa na tawi la mti usio wake. Kiongozi akajibu kwamba tawi lilikuwepo kweli, ila lilikuwa limeoza na kuota ukungu, kwa hiyo lilikuwa na muda mrefu pale; faini ikabaki.

Kisha jopo jipya likaapishwa kwa ajili ya shamba litakalopandwa ngano mwaka unaofuata. Lile tulilolitembea sisi lingekaguliwa tena mzunguko ukirudi, baada ya miaka mitatu, na wakati wa kutoka kiongozi wa zamani alikuwa amemshika mpya mkono mlangoni akimweleza ni ncha zipi za kuanzia kulengea.