Walitaka nimtoe kundini

Kundi letu la WhatsApp ni la watu wa Tanga mjini walioacha unga, yaani heroini, au wanaopambana kuuacha. Wengi wanakunywa methadone, dawa ya kutibu uraibu huo, pale hospitali ya Bombo kila siku. Mimi ndiye admin, kazi isiyo na mshahara wala asante.

Ugomvi ulianzishwa na ujumbe wa sauti wa dada mmoja. Alimkopesha kijana wetu fedha za kumtibia mwanawe, kumbe mtoto mzima kama kigongo na baba mtu kesharudi maskani, kwenye unga. Mara wakajitokeza na wengine. Kila mmoja alikuwa kaombwa pembeni, kwa hadithi yake. Matusi yakamiminika, mtu akarusha na picha ya kijana akiwa hoi. Mtoe!

Nikafuta picha, nikafunga kundi ili maadmin tu ndio waandike. Kumtoa nilikataa. Mtu aliyekaa muda bila unga, mwili wake haukihimili tena kipimo cha zamani. Akikirudia, pumzi inaweza kukata. Ndiyo maana hata methadone, ukiikosa siku tatu mfululizo, hupewi tu dozi ileile, unapimwa upya. Mtu wa namna hiyo ni heri nijue aliko. Wakasema namdekeza. Haya.

Lakini deni ni deni. Hatua za NA (Narcotics Anonymous), chama cha waraibu wanaosaidiana kuacha, kilichoanzia Marekani mwaka 1953, kwenye ya nane zinataka uorodheshe uliowadhuru. Kwenye ya tisa uwaendee urekebishe, isipokuwa pale utakapowaumiza zaidi. Hakuna palipoandikwa usimame mbele ya kadamnasi ulie. Nikampigia: "Mdogo wangu, kundini usiombe radhi. Andika majina na kiasi, kisha mtafute kila mtu kivyake."

Alikuwa akibeba samaki pale soko la Deep Sea. Tukakubaliana ujira wake aushike mama mmoja muuza samaki, yeye ndiye awatumie wanaodai, maana noti mkononi mwa mwenye arosto, mwili unapomdai unga, hailali.

Dada hakuridhika. Alitaka kijana aaibike kama alivyoaibika yeye mbele ya mumewe, akajitoa. Sikumbembeleza, anayedai ana haki ya kununa. Baadaye aliomba mwenyewe kurudishwa.

Siku hizi kukopeshana pembeni ni marufuku, mwenye shida aiseme mbele ya wote. Kijana karudi Bombo. Deni la dada limelipwa nusu, na salamu za kijana dada bado hajaziitikia.