Nyanya na Majina ya Mnazi: Siku Yetu ya Shoo Mkomani

Kwa miaka kadhaa niliwaahidi wanangu kwamba nitawapeleka kwenye maonyesho makubwa ya kilimo ya Mombasa, ambayo sisi wenyeji twayaita Shoo, na kila mwaka ahadi hiyo ikapita bila kutimizwa, mara kwa kazi, mara kwa ada za shule, mara kwa maradhi. Safari hii nilitia nia mapema. Nikaamua pia kumchukua mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Nyanya, na ambaye alizaliwa na kulelewa Takaungu katika shamba la minazi la babake kabla ya kuolewa na kuhamia Mji wa Kale. Wazo la kumchukua lilitokana na jambo dogo. Jioni moja binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aliniuliza iwapo dafu na nazi hutoka katika miti miwili tofauti. Swali hilo lilinichoma moyo. Mtoto huyu hula wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka karibu kila wiki, amepakwa mafuta ya nazi kichwani tangu uchanga wake, na bado mnazi wenyewe haujui.

Shoo kwa desturi huja kati ya mwezi wa Agosti na Septemba, wakati kusi ingali inavuma na jua la Mombasa halijafikia ukali wake, kwa hiyo tulipotoka nyumbani saa mbili asubuhi hewa ilikuwa ya kupendeza. Nilikuwa nimefunga mahamri, mkate wa kumimina na mbaazi ndani ya hotipoti. Tulipokuwa tukivuka Daraja la Nyali, Nyanya aliwaonyesha wajukuu wake upande wa maji na kuwasimulia juu ya daraja la zamani lililokuwa likielea, ambalo watu walilitumia kuanzia mwaka 1931 hadi hili la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Mwanangu mdogo, mwenye miaka sita, hakuamini kwamba magari yaliwahi kupita juu ya kitu kinachoelea, na alimuuliza nyanyake swali hilohilo mpaka tukafika Kongowea.

Kule Mkomani milango ilikuwa imekwisha kufurika watu. Maonyesho haya huandaliwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho asili yake ni mwaka 1901, enzi za ukoloni, kilipoundwa kwa ajili ya walowezi na mashamba yao. Mimi hufurahi sana kuona jinsi mambo yalivyogeuka, kwa kuwa siku hizi mkulima wa mihogo kutoka Kwale na mfugaji kutoka Tana River husimama mbele ya mazao na mifugo yao, wakaulizwa maswali na wanafunzi, nao wakajibu kama walimu.

Tulianza kwa mifugo, kwa sababu mdogo hakukubali kuanza kwingine. Mume wangu alimbeba begani ili aone vizuri. Ng'ombe waliotuvutia zaidi walikuwa wa aina ya Sahiwal, wekundu, wenye nundu na ngozi inayoning'inia shingoni, ambao asili yao ni bara Hindi na ambao hapa nchini wameendelezwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Naivasha. Kijana aliyewasimamia alitueleza kwa utaratibu kwamba ng'ombe wa Kizungu aina ya Friesian humshinda Sahiwal kwa wingi wa maziwa, lakini katika joto la pwani hudhoofika, hupunguza kula, na kupe humsumbua mno, ilhali Sahiwal hustahimili yote hayo na kuendelea kutoa maziwa. Nilipenda jinsi alivyozungumza na watoto bila kuwaharakisha. Alimruhusu mwanangu kunyoosha mkono, ndama akaulamba, na mtoto akabaki ameuinua mkono ule juu kwa muda mrefu, hataki kuupangusa wala kuoshwa. Tuliwapitia pia mbuzi weupe aina ya Galla na kondoo wekundu wa Kimaasai, wanaosifiwa kwa kustahimili minyoo, kisha tukaelekea kwenye vibanda vya mazao.

Hapo ndipo siku yetu ilipobadilika. Katika kibanda kimoja palikuwa na meza ndefu iliyopangwa matunda ya mnazi, kuanzia madogo kama kidole gumba hadi nazi kavu zilizokwisha fuliwa. Afisa wa ugani, kijana mwenye adabu, alikuwa akiwaeleza wageni juu ya dafu changa, dafu lililokomaa na nazi. Nyanya alisikiliza mpaka alipomaliza, kisha akasema, "Mwanangu, nipe ruhusa nikuongezee kidogo." Kijana akampisha kwa heshima: "Karibu, mama. Sisi tumesoma vitabuni, nyinyi mmeishi nao."

Akaanza kuyagusa matunda yale moja baada ya jingine. Kwanza aliinua karara, lile ganda linalofunika ua la mnazi kabla halijapasuka, akaonyesha upunga ulio ndani yake. Kisha akashika tunda dogo kabisa, akasema hiki ni kidaka, na kwamba vidaka vingi huanguka vyenyewe, kwa hiyo mtu asione vimetapakaa chini ya mti akadhani mti unakufa. Linalofuata ni kitale, ambacho kimeanza kujaa maji lakini ndani hakina nyama ya kula. Kitale kikikua huwa dafu, lenye maji matamu na nyama laini inayokombwa kwa kijiko. Dafu likipita wakati wake huwa koroma, ambalo nyama yake imeanza kuwa ngumu na maji yake yamepungua utamu, lakini halijafaa kukunwa likatoa tui zito. Baada ya koroma ndipo huja nazi. Na nazi ikiachwa ikauka, nyama yake ikaachana na kifuu, huitwa mbata, ambayo ndiyo hukamuliwa mafuta. Mwisho alichukua nazi iliyochipua, akaomba ipasuliwe, akawaonyesha watoto joya, ile sponji nyeupe inayojaa ndani ya nazi inayoota. Alisema kwamba wao walipokuwa wadogo Takaungu waliligombea kama peremende. Binti yangu alilionja, akafumba macho, akaomba tena.

Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama. Mama mmoja alitoa simu yake kurekodi. Nyanya hakuwajali, akaendelea kutoka kwenye tunda kwenda kwenye mti mzima: makumbi yanayolowekwa na kupondwa ili yasokotwe kamba, makuti ya kuezekea, chelewa za kufungia fagio, kifuu cha kuchongea upawa. Nilimtazama mama yangu, ambaye mjini kwetu hukaa kimya barazani siku nyingi kama mgeni, nikaona sauti yake imekuwa ya mtu aliye kwao.

Afisa yule naye alikuwa na elimu yake, na kwa uaminifu alimsikiliza mzee kwanza kabla ya kuitoa. Alieleza kwamba mnazi wenye afya hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na kwamba penye kila kuti huchomoza karara lake. Kwa kuwa tunda huchukua karibu mwaka mzima tangu ua hadi nazi kavu, mnazi mmoja hubeba hatua zote kwa wakati mmoja, upunga juu na nazi chini. Binti yangu alimgeukia nyanyake akasema, "Kumbe majina yote yale yako kwenye mti mmoja!" Nyanya akamjibu, "Mti mmoja, mjukuu wangu, na siku moja." Sikuwa na la kuongeza.

Tulizungumza pia kuhusu chonga, mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi na kula moyo wake, ambaye kazi yake huonekana baadaye pale makuti yanapofunguka yakiwa yamekatika mfano wa yaliyopitiwa na mkasi. Mama alieleza kwamba babake alikuwa akimpandisha mkwezi na waya mwenye ncha ya ndoana ili amchomoe mdudu yule tunduni mwake. Kijana alithibitisha kwamba njia hiyo ingali inafundishwa, ila akaongeza jambo ambalo mama hakulijua: chonga hutaga mayai katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi, hivyo anayeangusha mnazi uliokufa akauacha shambani huwa amewajengea wadudu hawa nyumba. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba shamba lao lilikuwa na magogo mengi ya namna hiyo.

Nami nilikuwa na swali langu. Miaka michache iliyopita nilinunua miche minne kando ya barabara kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni minazi mifupi ya kuzaa upesi, nikaipeleka Takaungu kwa mjomba. Miwili ilikufa, na miwili iliyobaki imerefuka bila kutoa hata karara. Afisa alinieleza kwamba mnazi mfupi huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, ilhali ule mrefu wa asili yetu ya Afrika Mashariki huchukua takriban miaka sita au saba, ingawa huishi zaidi na huvumilia ukame vizuri zaidi. Yumkini niliuziwa miche mirefu kwa jina la mifupi. Alinifundisha kuuliza mche umetoka mti gani, kwa sababu mbegu nzuri ni nazi iliyokomaa barabara kutoka kwa mnazi mama unaojulikana kwa kuzaa sana. Mbegu hulazwa kitaluni kwa ubavu, nusu yake ikiwa udongoni, na zile zinazochelewa sana kuota huondolewa. Naona uchungu kwamba mtu anaweza kupoteza miaka yake kwa mche aliodanganywa, kwani fedha hurudi lakini miaka ya kuungoja mti hairudi, na ningependa kila anayeuza miche alazimike kuonyesha ilikotoka.

Chakula cha mchana tulikula chini ya mwarobaini, tukiwa tumetandika leso kwenye nyasi. Viti vya wazee vilikuwa vichache mno kwa uwanja mkubwa namna ile, na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, ilibidi akae chini na kuinuliwa na watu wawili. Waandaaji wa maonyesho yoyote yale wangefanya wema mkubwa kuweka mabenchi penye kivuli kila baada ya hatua kadhaa, kwa sababu bila wazee vibanda vile hubaki na nusu ya elimu yake. Watoto walikunywa maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, wakapanda bembea, wakatazama gwaride la ng'ombe walioshinda.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye kibanda cha mwani cha akina mama kutoka pwani ya kusini. Walitueleza jinsi wanavyofunga vipande vya mwani kwenye kamba ndani ya maji mafupi wakati bahari inapokupwa, wakavuna baada ya takriban wiki sita, wakaanika na kuuza, na jinsi ute wake unavyotumika viwandani kugandishia vyakula na kutengenezea dawa ya meno. Tulinunua sabuni mbili za mwani. Nilitamani tungekaa zaidi, lakini mdogo alikuwa amekwisha lala begani mwa babake.

Miche ya minazi hatukuisahau. Nyanya mwenyewe aliichagua miwili katika kibanda kile cha asubuhi, akaipindua kutazama mizizi na kuuliza habari za mti mama mpaka akaridhika. Sasa imesimama uani kwetu katika mifuko yake, ikisubiri mvua za vuli ili tuipeleke Takaungu. Mjomba ameshapigiwa simu, na jambo la kwanza aliloambiwa na dadake ni kwamba ayatoe yale magogo shambani ayachome kabla hatujafika. Binti yangu ndiye huimwagilia miche kila jioni. Jana alirudi kutoka dukani na nazi mbili, akazitikisa sikioni moja moja mbele ya nyanyake, akasema hii ni nazi, na hii wametuuzia koroma.