Natafuta mikro isiyomsikia jirani

Watu wanaoniandikia kuhusu rekodi za gitaa la baba mdogo ninazofanya nyumbani karibu wote huanza na swali lile lile: mikro, yaani maikrofoni, gani ina sauti safi? Nami huwauliza: chumba chako kinapakana na nani? Sisi tuko Katuba, hapa Lubumbashi, nyumba kwa nyumba, na kati ya kitanda changu na redio ya jirani kuna ukuta wa tofali moja. Kushoto kuna mashine ya kusaga mahindi. Nyuma kuna kanisa lenye spika nyingi kuliko waumini. Mbele ni barabara ya pikipiki. Mahali kama hapa, usafi wa mikro ni jambo la tatu au la nne.

Baba mdogo ni mstaafu wa reli. Gitaa lake lina nyuzi za chuma, na kapo yake, kile kibano cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi, ni penseli iliyokazwa kwa mpira. Anapiga kwa vidole viwili tu: gumba linatembeza besi, cha shahada kinajibu juu. Huku Katanga, wazee wa mtindo huo ukiwauliza, watakutajia mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda pale Likasi, enzi hizo mji ukiitwa Jadotville, kilomita kama 120 kutoka kwetu. Tracey, ambaye mwaka 1954 alianzisha ile Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, alipenda kufanya kazi na mikro moja, ameishika mkononi, akiisogeza hadi karibu kabisa na chombo. Sauti za rekodi za zamani hazing'ai, na uvumi wa mashine umo, lakini gumba la Mwenda unalisikia lilipo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba gitaa moja haliwezi kurekodiwa bila mikro nne, namsikiliza kwa adabu tu.

Rafiki yangu anayepiga picha za harusi aliniazima Rode NT1-A, mikro ya kondensa yenye kiwambo kipana, yaani ile ngozi ya ndani inayotikiswa na sauti. Karatasi yake inasema uvumi wake wenyewe, ile shhh ya ndani, ni desibeli 5. AT2020 ya Audio-Technica, ambayo ni ya bei nafuu zaidi, ina desibeli 20. Ukizisoma namba hizo dukani unaona tofauti kubwa mno. Sasa fikiria kwamba chumba cha kulala kilichotulia huwa na desibeli 30 hivi, na chetu hakijawahi kutulia. Uvumi wa mikro zote mbili unazama humo humo, pamoja na kuku. Kama unaishi shambani nje ya mji, lipia ile 5. Katuba, weka hela hiyo kwenye stendi nzuri na mablanketi.

Kuna maneno yanayorudiwa sana, kwamba mikro za dinamiki hazisikii kelele za nje na za kondensa zinasikia kila kitu. Si kweli hivyo. Ya dinamiki ina kiwambo kinachosukuma koili ndani ya sumaku, basi haihitaji kulishwa umeme. Ya kondensa ina kiwambo chepesi sana na inadai volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kifaa kinachounganisha mikro na kompyuta. Lakini mbili zenye umbo moja la kusikia, yaani zinazosikia pande zile zile, ukiziweka umbali mmoja, ukalinganisha ukubwa wa sauti zao, jirani atasikika karibu sawasawa kwenye zote. Ya dinamiki inasifiwa kwa sababu watu huiweka mdomoni, na kwa sababu haizishiki vizuri zile sauti nyembamba za juu.

Kinachomnyamazisha jirani ni umbali. Toa mikro sentimita 40 kutoka kwenye gitaa, ilete 20: gitaa linapanda desibeli 6 hivi, na mashine ya kusaga inabaki pale pale. Ndiyo maana mimi natafuta mikro inayoweza kukaa karibu bila kuharibu sauti. Hapo kiwambo kipana kilinisumbua, kwa sababu mikro nyingi zenye umbo la kadioidi, zile zinazosikia zaidi mbele, huvimbisha besi zikisogezwa karibu, na gitaa nalo lina tundu linalopumua besi. Hata ukielekeza kwenye freti ya 12, kile kichuma cha shingoni, badala ya tundu, ile niliyoazimwa ilikuwa inampa baba mdogo gitaa nene kuliko alilo nalo.

Mwishowe nimebaki na mbili. Ya kwanza ni Shure SM57, ya dinamiki, ambayo imekuwepo tangu 1965 na bado inatengenezwa. Kabla hujainunua mjini, ipime: ya kweli ina gramu 284. Niliomba mzani wa muuza mchele aliyekuwa pembeni, na mwenye duka aliacha kunisifia mali yake. Nilikuja kupata yangu kwa mtu aliyekuwa anahama. Shida yake ni kwamba sauti inayotoa ni ndogo. Kwa mtu anayedonoa nyuzi taratibu, inabidi ufungue kadi ya sauti karibu mpaka mwisho, na kadi za bei rahisi zikifunguliwa hivyo zinaanza kulia shhh.

Ya pili ni kondensa yenye kiwambo kidogo, nyembamba kama kalamu nene. Kwa gitaa lenyewe, bila kuimba, sina swali: ni hiyo. Inashika kucha inapogusa uzi, na hata baba mdogo akigeuka kidogo, sauti haibadiliki rangi ghafla. Volti 48 zake zinatoka kwenye kadi, na kadi inakula betri ya kompyuta. Delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikija, kazi haisimami, na hata ule mlio wa chaja unaoingia kwenye kebo unakoma. Ila kuna dakika chache tu kati ya umeme kukatika na jirani kuwasha jenereta. Wakati huo mtaa mzima unakuwa kimya, na baba mdogo ameshazoea: taa ikizima, anakamata gitaa.

Jinsi ya kukaa ndiyo iliyonichukua muda kuliko kuchagua mikro. Kadioidi haisikii vizuri mgongoni kwake. Basi nampa baba mdogo kiti akitazama dirisha, na mikro inamtazama yeye, mgongo wake ukiwa dirishani kelele zinakotoka. Lakini kelele hizo hupita, hugonga ukuta ulio nyuma ya mpigaji na kurudi mbele ya mikro, kwa hiyo ukuta huo nimeusimamishia matela (godoro) na kutundika mablanketi mawili juu yake. Vitenge havifai, ni vyepesi mno. Ngurumo ya jenereta haizuiliki hivyo, inazunguka kila mahali. Naikata chini ya hezi 75, kwa kuwa uzi mnene wa gitaa lililofungwa kawaida unaanzia hezi 82. Mvua ya Desemba juu ya mabati haina dawa. Tunasubiri Juni, baridi inapowaingiza watu ndani mapema.

Akiimba huku anapiga, nilijaribu kuweka mikro mbili, moja kwa kinywa na moja kwa gitaa. Kila moja inasikia pia kazi ya mwenzake, ikichelewa kidogo, na zikichanganywa sauti inakuwa na shimo katikati. Lakini kilichomaliza mjadala ni yeye mwenyewe:

"Mwana, tosha ile kintu mbele ya kinywa yangu. Iko naniangalia."

Nikaitoa. Iliyobaki naiweka sentimita 30, usawa wa kifua, na napanga uwiano kwa kuipandisha au kuishusha: kifua chake kina nguvu, kwa hiyo mara nyingi inatazama chini, kwenye gitaa.

Kisanji, kile chombo cha vyuma kinachopigwa kwa magumba, ni habari nyingine. Mzee anayekuja kupiga naye Jumapili ana kisanji chenye vipete vya chuma vinavyotetema. Ukisogea karibu, unasikia kucha za magumba tu, tik tik tik, wimbo haupo. Mikro inabidi irudi nyuma hadi nusu mita, jirani na aingie kama anataka. Kijana mmoja fundi wa sauti aliwahi kuisafisha rekodi yetu kwa programu, akatuletea kisanji kisicho na mtetemo wowote, anatabasamu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani huyo anayepiga. Vipete viliwekwa makusudi. Anayevifuta amefuta nusu ya chombo. Kwa kisanji napendelea SM57, kwani inapunguza ukali wa vipete bila kuviondoa. Na anayegonga chupa ya soda kwa msumari anakaa mlangoni, mita mbili, hata akinuna.

Hivi karibuni nilimsikilizisha baba mdogo wimbo mmoja uliorekodiwa mara mbili, SM57 na ile kalamu, bila kumwambia ipi ni ipi. Mimi nilikuwa nimeshaamua: kalamu. Akasikiliza kwa simu, spika imebanwa sikioni, macho kwenye sahani ya bukari, ugali wetu.

"Ya kwanza," akasema. "Hii ingine inasikia mpaka meno yenye ilitoka."

Ni kweli, kwenye kalamu kila S yake inapiga mluzi. Basi nyimbo za kuimba tunarekodi kwa SM57, na mimi navumilia ile shhh. Za vidole vitupu tunatumia kalamu. Kadi ya sauti yenye nguvu zaidi nimeshaiona kwa mtu Kamalondo, bado tunavutana bei.