Injini imezima njiani: fungua sampu kwanza

Mtu ananunua gari la kifahari, analitunza kwa kufuata kitabu, halafu siku moja injini inazima barabarani na haiwaki tena. Gereji ya kwanza inabadilisha sensa. Ya pili inabadilisha koili. Ya tatu inamwambia atafute injini nyingine. Katika zote tatu, hakuna aliyefungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Hili linanikera kuliko uharibifu wenyewe, kwa sababu injini iliyokufa huacha ushahidi ndani yake, na mwenye gari ana haki ya kuuona kabla hajatoa hata senti.

Chukua cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu). Kwenye injini ya dizeli ya BMW N47, iliyotoka mwaka 2007, cheni iko nyuma, upande wa giaboksi, hivyo kuifikia tu ni kazi nzito. Injini ya petroli N20, iliyoanza 2011, cheni yake iko mbele, lakini miongozo ya plastiki (reli zinazoielekeza cheni) ya zile za miaka ya mwanzo ilikuwa ikikauka na kukatika. Plastiki hiyo inaishi ndani ya oili ya moto. Oili ikiachwa kilomita 25,000 au 30,000, kama ratiba ndefu za watengenezaji zilivyoruhusu, huchakaa na kuchafuka, na tensheni, yaani kikaza cheni kinachosukumwa na presha ya oili hiyohiyo, inaanza kulegea. Cheni inapiga, mwongozo unavunjika, vipande vinadondoka kwenye sampu na kuziba chujio cha pampu ya oili. Presha ikishuka, beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti) zinakauka na injini inanoki, yaani inagonga. Au cheni inaruka meno mapema zaidi, pistoni zikagonga valvu.

Taarifa huwa imetolewa zamani. Asubuhi, injini ikiwa baridi, unasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu halafu kimya. Au kwenye mashine ya kusomea hitilafu inatokea kodi (namba ya hitilafu) P0016, maana yake krenkishafti na kamshafti hazikubaliani. Wengi hubadilisha sensa ya kamshafti, wanafuta kodi, wanaendelea na safari. Kodi hiyo ikirudi juu ya sensa mpya na waya mzima, pima cheni.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo na usijaribu kuiwasha tena ili "kusikiliza". Magari mengi ya aina hii hayana kijiti cha kupimia oili. Skrini itakuonyesha kiwango kiko sawa, lakini kiwango si presha. Oili inaweza kuwa imejaa na isifike kwenye beringi. Gari libebwe.

Gerejini, omba mambo haya yafanywe kwa mpangilio. Kodi zisomwe na kuandikwa kabla hazijafutwa. Filta ya oili ikunjuliwe mwangani: vumbi linalometameta ni chuma cha beringi, vipande vigumu vya plastiki ni miongozo. Sampu ishushwe, chujio cha pampu kiangaliwe. Kama kuna shaka cheni imeruka, injini isizungushwe kwa stata. Izungushwe taratibu kwa spana kwenye bolti ya krenki, na ikikwama isilazimishwe. Kisha kamera ndogo ipitishwe kwenye tundu la plagi. Valvu iliyogonga huacha alama iliyopinda kama hilali juu ya pistoni, nyeupe na safi katikati ya masizi meusi. Ukiiona hiyo, silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu) lazima itoke. Usipoiona, bado upimwe uvujaji wa hewa kwa kila silinda kabla ya kufunga cheni mpya.

Kwenye BMW nyingi za petroli za kizazi hicho gia ya krenki haina ufunguo, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isiteleze kwenye shafti. Imebanwa na bolti peke yake. Fundi akiilegeza bila vifaa vya kufungia krenki na kamshafti, taimingi imepotea. Bolti hiyo ni ya kutumia mara moja. Na cheni ibadilishwe pamoja na miongozo, tensheni na cheni ya pampu ya oili, la sivyo umelipia kazi ya siku kadhaa kwa nusu ya spea.

Watengenezaji wengine nao wana ya kwao. Mercedes M272 za mwanzo zililika meno ya gia ya shafti ya mizani (inayopunguza mtetemo), na kuibadilisha kunataka injini itoke. Porsche M96 ina beringi ya shafti ya kati (inayopeleka mzunguko wa krenki kwa kamshafti) inayoweza kuvunjika na kuiua injini yote. Ikiwa giaboksi imeshuka kwa ajili ya klachi, ndiyo nafasi ya kuishughulikia. Kwenye zilizotoka 2006 hadi 2008 beringi ni kubwa zaidi, na haitoki bila kupasua bloku.

Pampu ya maji ya umeme, kama ile ya BMW N52 na N55, inastahili kutajwa peke yake. Haizungushwi na mkanda, na inaweza kufa bila kuvuja hata tone. Ukiendelea kuendesha, hedi ya aluminiamu inapinda. Nashauri ibadilishwe pamoja na thermostati karibu na kilomita 100,000. Baada ya kujaza maji, unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni chini, kanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde 10 na uachie. Pampu itazunguka yenyewe kama dakika 12 ikitoa hewa. Wanaoruka hatua hii hurudi na injini iliyochemka, kisha wanalaumu pampu mpya.

Ukilazimika kununua injini ya mtumba, usiifunge kama ilivyokuja. Ingali chini, ifunguliwe kava ya valvu na sampu, iwekewe cheni, miongozo na sili mpya ya nyuma ya krenki. Baadaye kazi hiyohiyo itakugharimu mara kadhaa. Oili iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, ibadilishwe kila kilomita 8,000 hadi 10,000 au kila mwaka. Na kama injini ya zamani ilisaga beringi, kipozeo cha oili kibadilishwe, kisioshwe tu. Chembe za chuma hujificha kwenye mikunjo yake, zikaja kutoka siku oili mpya inapopata moto, zikaingia kwenye turbo na beringi za injini uliyoinunua juzi. Fundi akikuambia kuosha kwa petroli kunatosha, mwambie akuandikie hivyo kwenye risiti.