Karata zisizoshikika

Oktoba 2009 nilikuwa nashika zamu ya usiku kwenye duka la intaneti pale Mkunazini, mjini Unguja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na mali. Kadi za Magic: The Gathering, zile za kuchezea kwenye kompyuta. Aliyenitia kwenye mchezo ule ni mtoto wa ami yangu aliyeko Maskati. Mimi sikuwa na kadi ya benki, kwa hiyo yeye ndiye akininunulia tiketi, nami namlipa akija likizo. Tiketi moja dola moja. Kwa asili ni kiingilio cha mashindano, lakini wachezaji wenyewe walikwishaigeuza sarafu, kila kitu kinahesabiwa kwa tiketi.

Mwezi ule seti mpya, yaani toleo jipya la kadi, jina lake Zendikar, ilikuwa imeingia. Mashindano yanayoitwa Standard yanakubali seti za karibuni tu, na siku zile seti kubwa ikiingia msimu wa vuli, za zamani zilikuwa zinatolewa. Safari ile ilitoka Lorwyn na ndugu zake. Kadi ambayo Septemba kila mtu anaigombania, Oktoba haina kazi kwenye mashindano yale, na wenye nazo wanazimwaga sokoni ili wapate tiketi za kununulia mpya. Mimi niliyatazama hayo nikamkumbuka mjomba wangu wa Wete, Pemba. Mjomba hakuwahi kuuza karafuu zake zote siku za mavuno. Akizianika zikakauka, fungu moja anauza, fungu jingine linalala ndani kwenye magunia. Nikasema, haya ndiyo yale yale.

Nikatoa tiketi zangu zote 60. Nilinunua kadi za seti zilizotolewa: Cryptic Command, Thoughtseize, na Bitterblossom 12. Hii ya mwisho niliipenda tu, siwezi kusingizia hesabu: kila zamu yako inakupunguzia uhai mmoja na kukuzalia kijini kimoja chenye mbawa. Mtu aliyekulia kwa bibi wa Kipemba ataiachaje kadi kama hiyo?

Niliouziana nao hawakuwa watu, walikuwa boti. Kwetu boti ni ya kuvukia kwenda Dar, kule boti ni programu inayokaa sokoni usiku na mchana ikinunua na kuuza. Kadi ikiwa chini ya tiketi moja, chenji haitolewi, boti inaiweka kwenye kumbukumbu hadi utakaporudi. Daftari la mwenye duka mtaani kabisa, ila huyu hakuulizi habari za nyumbani.

Mama aliiona hesabu yangu nyuma ya kitabu.

"Umenunua nini?"

"Kadi za mchezo, Mama."

"Karata?"

"Mfano wa karata."

"Ziko wapi nizione?"

"Hazishikiki. Zimo kwenye kompyuta."

Akanyamaza, akaendelea kukuna nazi. Mbuzi ikalia krr, krr, kisha akasema bila ya kuniangalia, "Karafuu za mjomba wako zikikosa bei, nyumba inanukia."

Disemba umeme ukakatika. Unguja inaletewa umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mpaka Fumba, na waya huo ukaharibika. Tulidhani siku mbili tatu. Ulirudi Machi. Miezi mitatu ya chemli na mishumaa, ndoo za maji vichwani kwa sababu pampu nazo zimelala, na mji mzima ukinguruma majenereta ya wenye uwezo. Mwenye duka letu hakuwa miongoni mwao. Akafunga, nami mshahara ukafungwa.

Januari nikaazima nafasi kwenye hoteli moja Shangani iliyokuwa na jenereta. Rafiki yangu alikuwa mapokezi. Akanipa dakika 20, meneja asije akaniona. Nilifungua soko jasho likinidondokea kwenye vitufe. Boti ya kwanza ikachukua Cryptic Command zote. Ikachukua na Thoughtseize. Bei ilikuwa ile ile niliyonunulia, pengine chini kidogo, sikuwa na muda wa kuhesabu. Bitterblossom ikazikataa: stoo yake imejaa. Nikajaribu ya pili, nayo vile vile. Ya tatu ilikuwa bado inafunguka nilipomsikia rafiki yangu anakohoa kile kikohozi tulichoagana. Nikazima.

Tiketi nilizopata nikamwachia mtoto wa ami yangu, naye akanitumia fedha kwa mtu aliyekuwa akirudi Unguja. Zikaishia kwenye mchele, mafuta ya taa na deni la duka.

Mwaka 2011 akanipigia simu. Umeanzishwa mtindo mpya wa mashindano, unaitwa Modern, na seti kama Lorwyn zimerudi uwanjani.

"Yakhe, Cryptic Command unazo ngapi?"

"Hata moja."

"Thoughtseize?"

"Niliuza."

"Sasa umebaki na nini?"

"Bitterblossom, 12."

Alicheka mpaka nikaitoa simu sikioni. Orodha ya kadi zilizopigwa marufuku kwenye Modern ilikuwa imetoka, na Bitterblossom imo tangu siku ya kwanza.

Nikaziacha. Si kwa subira, maana hata ningetaka, nani angezinunua kwa bei ya maana? Kwa miezi sikufungua ile akaunti. Februari 2014 marufuku ikaondolewa. Safari hii habari niliipata mimi kabla yake, nikakaa na laptopu barazani, umeme upo, na boti zilizonikataa Shangani sasa zinanizongea. Usiku ule ule niliuza zote 12. Asubuhi mtoto wa ami yangu akaniandikia nisiziuze, zitapanda zaidi. Hazikupanda. Watu walizijaribu, wakaona hazina maajabu waliyoyaogopa, bei ikateremka.

Fedha zilifika baada ya wiki mbili, ndani ya bahasha. Nikampa Mama sehemu yake. Alizihesabu noti moja moja, akaishika ya mwisho akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi ndizo zile karata?"

"Ndizo, Mama."

Akazifunga kwenye pindo la kanga.