Vipande vitatu vya mpira

Leo asubuhi, nikiwa karakanani kwangu Kizota, Dodoma, mpwa wangu anayefanya kazi kwenye boti ya mizigo huko Dar es Salaam alinipigia simu. Jenereta ya boti ilikuwa ikipanda joto na kujizima, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, nifungue mfuniko niongeze maji?" Nilimjibu, kwa ukali nilioujutia baadaye, kwamba asiguse kitu, aiache ipoe, yeye akanywe chai.

Ukali huo ulitoka kwenye kovu la mkono wangu wa kulia. Nikiwa kijana niliufungua mfuniko wa rejeta ya jenereta iliyokuwa imezimwa punde tu, nikiamini kwamba maji yasiyochemka hayawezi kuruka. Hapa Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi za Selsiasi. Lakini ndani ya mfumo uliofungwa, shinikizo huyazuia yasichemke hata yanapopita 100, na mfuniko ukilegezwa shinikizo hilo hutoweka, maji yakageuka mvuke kwa mkupuo na kumvamia aliyeushika.

Injini ilipopoa kiasi cha kushikika kwa mkono, tulianza. Jenereta ninazozitengeneza huku hupozwa kwa rejeta na feni, na adui yangu mkubwa ni vumbi. Ya kwake haina rejeta: pampu yenye impela ya mpira, yaani kigurudumu chenye mabawa, huvuta maji ya bahari, yakapita kwenye kibadilisha joto na kuchukua joto la kulanti, kimiminika cha kupozea kinachozunguka ndani ya injini, kisha yakatoka nje pamoja na moshi.

Nilimtaka kwanza achomoe waya wa hasi wa betri, kwa sababu jenereta za namna hiyo huweza kuwashwa kutoka chumba cha nahodha na mtu asiyejua kwamba vidole vya mwenzake viko kwenye mkanda. Kisha afunge vali ya maji ya bahari, maana pampu iliyo chini ya usawa wa maji ikifunguliwa bila hivyo, boti huanza kujaa. Ufunguo wa kuwashia autundike kwenye mpini wa vali hiyo, ili asiweze kuwasha kabla ya kuifungua tena. Impela ikizunguka kavu huungua upesi, kwani maji ndiyo kilainishi chake.

Chujio lilikuwa na mwani kidogo tu. Mgonjwa alikuwa impela, ambayo mabawa yake matatu yalikuwa yamekatika. Kijana alitaka kufunga mpya na kuendelea, nami nikamkatalia mpaka vipande vyote vipatikane, kwa kuwa kinachobaki husukumwa mbele na kuziba vijibomba vya kibadilisha joto. Ndani ya pampu aliviona viwili.

Kulanti iliyomwagika nilimwagiza aikinge kwenye ndoo yenye mfuniko. Ina glikoli, sumu yenye utamu, na mbwa haulizi kabla ya kulamba. (Ya kujazia achanganye na maji yaliyotoneshwa, maji ya kisima changu huacha ukoko mweupe hata kwenye birika.)

Saa mbili usiku alipiga tena. Kipande cha tatu kilikuwa kimekwama kwenye mlango wa kibadilisha joto, akakitoa kwa koleo, na jenereta imekwisha kufanya kazi saa nzima bila kuzima. Amenitumia picha ya vipande vyote vitatu, amevipanga juu ya gazeti.